Marie Curie: Maisha yaliyotupa kipimo cha mionzi

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu baada ya kipindi cha afya. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilisema mama yake, mgonjwa wa tezi ya shingo, atakunywa dawa ya mionzi kiasi cha milikyuri 10. Ya pili, aliyopewa alipofika hospitali ya rufaa, ilisema megabekereli 370. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mama ameongezewa dawa mara 37? Wakati anatupigia alikuwa amekaa kwenye benchi akifikiria kumrudisha mama nyumbani bila kutibiwa.

Jibu ni hapana. Karatasi zote mbili zilisema kiasi kile kile. Ni kama muuza duka mmoja aseme sukari kilo 1 na mwenzake aseme gramu 1,000. Lakini kilo na gramu tumezizoea tangu utotoni. Kyuri na bekereli hatukuzizoea, na hiyo 37 inaonekana kama imeokotwa njiani. Kwa nini isiwe 10 au 100?

Kujibu swali hilo, ndugu msikilizaji, inabidi tusimulie maisha ya mtu. Kyuri ni jina la ukoo. Ni ukoo wa Marie Curie na mumewe Pierre, na ukubwa wa kipimo hicho ulitokana kwa sehemu kubwa na msimamo wa Marie mwenyewe.

Msichana wa Warsaw

Alizaliwa tarehe 7 Novemba 1867 katika mji wa Warsaw, nchini Poland, akapewa jina la Maria Skłodowska. Wakati ule sehemu hiyo ya Poland ilitawaliwa na Urusi, na wenyeji walibanwa hata katika lugha ya kufundishia shuleni. Baba yake alikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia. Mama yake aliwahi kuongoza shule ya wasichana, lakini aliugua kifua kikuu akafariki mwaka 1878, Maria akiwa na miaka 10. Dada yake mkubwa kuliko wote alikuwa ametangulia, kwa homa ya taifasi.

Maria alimaliza shule mwaka 1883 na medali ya dhahabu, lakini Chuo Kikuu cha Warsaw hakikupokea wanawake. Yeye na dada yake Bronisława wakafanya makubaliano. Maria angefanya kazi ya kufundisha watoto wa matajiri majumbani na kumtumia dada yake fedha asomee udaktari Paris. Dada akishamaliza, naye angemvuta mdogo wake. Maria alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, mingine akiwa shamba, mbali na mji, na usiku alijisomea vitabu vya fizikia. Mwaka 1891 alipanda treni kwenda Ufaransa.

Mjini Paris alijiandikisha Sorbonne kwa jina la Marie. Alipanga chumba kidogo cha juu kabisa, chenye baridi kali. Mwaka 1893 aliongoza katika mtihani wa shahada ya fizikia, na mwaka uliofuata akashika nafasi ya pili katika hisabati. Mwaka huo wa 1894 alikutana na Pierre Curie, mwanasayansi mpole ambaye pamoja na kaka yake Jacques alikuwa ametengeneza chombo cha kupima umeme mdogo sana. Walifunga ndoa Julai 1895, wakanunua baiskeli mbili na kwenda kutembea vijijini.

Chombo kile cha kupimia ndicho kilichompa Marie njia yake.

Hesabu iliyokataa kukubaliana

Mwaka 1896, mjini Paris, mwanasayansi Henri Becquerel aliweka chumvi ya uraniamu juu ya bamba la picha lililofungwa kwenye karatasi nyeusi. Alipolisafisha bamba, alikuta alama, ingawa hapakuwa na jua wala taa. Uraniamu ilikuwa inatoa kitu kisichoonekana. Watu wengi hawakulishughulikia jambo hilo. Marie, ambaye Septemba 1897 alikuwa amejifungua binti yake wa kwanza, Irène, alilichukua liwe utafiti wake wa udaktari.

Hakuanza kwa kukisia. Alianza kwa kupima. Mionzi ile iliifanya hewa ipitishe umeme kidogo, na chombo cha akina Curie kiliweza kuusoma umeme huo. Alipima madini moja baada ya jingine na kuandika tarakimu daftarini. Alipofika kwenye madini ya pichiblendi kutoka Joachimsthal, mji ulioko leo katika Jamhuri ya Cheki, hesabu ilikataa. Madini hayo yalitoa mionzi karibu mara nne kuliko uraniamu yenyewe.

Mtu mwingine angedhani chombo kimeharibika. Marie alirudia kupima, tarakimu ikabaki vile vile. Akahitimisha kwamba ndani ya jiwe lile mmejificha kitu kingine, kidogo kwa kiasi lakini chenye nguvu kuliko uraniamu. Pierre akaacha utafiti wake akaungana naye. Julai 1898 walitangaza elementi mpya waliyoiita poloniamu, kwa heshima ya Poland. Desemba mwaka huo huo walitangaza ya pili: radiamu.

Wakemia walitaka kuishika kwa mkono. Basi Marie akaingia katika banda bovu la shule alikofundisha Pierre, banda lililovuja mvua, akawa anachemsha masalia ya pichiblendi kwenye masufuria makubwa na kuyakoroga kwa fimbo ya chuma karibu sawa na kimo chake. Walishughulikia tani kadhaa. Mwaka 1902 alipata sehemu moja ya kumi ya gramu ya chumvi ya radiamu. Gizani ilitoa mwanga hafifu, na wenyewe walipenda kurudi bandani usiku kuutazama.

Mwaka 1903 alipata udaktari wa sayansi, na mwishoni mwa mwaka tuzo ya Nobel ya fizikia ikaenda kwa Becquerel, Pierre na Marie. Mwanzoni jina la Marie halikuwamo. Mwanahisabati mmoja wa Sweden alimdokeza Pierre, naye Pierre akaandika kueleza kwamba kazi ile ni ya wote wawili. Hivyo Marie akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel. Njia ya kuchuja radiamu hawakuiwekea hatimiliki, wakaiacha itumiwe na yeyote.

Tarehe 19 Aprili 1906 mvua ilinyesha Paris. Pierre alipokuwa anavuka barabara aliteleza, akakanyagwa na gari la mizigo la farasi, akafa papo hapo. Marie alibaki na mabinti wawili, Irène na Ève, huyu wa mwisho hajatimiza miaka miwili. Chuo kilimpa kazi ya mumewe, na Novemba mwaka huo akawa mwanamke wa kwanza kufundisha Sorbonne. Alianza somo pale pale Pierre alipoliachia.

Kipimo kinazaliwa Brussels

Sasa tufike kwenye ile 37.

Kufikia mwaka 1910 radiamu ilikuwa inatumika katika maabara na hospitali za nchi nyingi, hasa kutibu saratani. Tatizo ni kwamba kila mtu alipima kwa namna yake. Daktari wa mji mmoja hakuweza kujua kama kiasi alichotumia mwenzake wa mji mwingine ndicho hicho alicho nacho yeye. Wanasayansi walikutana Brussels, Ubelgiji, wakaunda kamati chini ya Ernest Rutherford. Marie alikuwamo.

Kamati iliamua kipimo kiitwe kyuri, kumkumbuka Pierre. Kisha ukaja ubishi wa ukubwa. Baadhi ya wajumbe walitaka kyuri iwe kiasi kidogo sana, sehemu ndogo mno ya gramu, kwa sababu ndicho kiasi walichokutana nacho maabara. Marie alikataa. Kwake haikufaa jina lile lipewe kitu kidogo karibu na hakuna. Alitaka kifungwe kwenye gramu 1 nzima ya radiamu, na kamati ikamkubalia.

Hapo tuseme wazi kinachopimwa. Fikiria sufuria ya bisi jikoni. Punje zinapasuka moja baada ya nyingine. Ukihesabu ni punje ngapi zimepasuka kila sekunde, umepima ukali wa kupasuka kwa sufuria ile. Atomu za kitu chenye mionzi nazo huvunjika moja moja, na kila inayovunjika hutoa mionzi. Katika gramu 1 ya radiamu huvunjika atomu zipatazo bilioni 37 kila sekunde. Mwaka 1910 tarakimu hiyo haikuwa imejulikana kwa uhakika. Ilipimwa na kusahihishwa baadaye, na mwaka 1964 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo ukakubali kwamba kyuri 1 ni bilioni 37 kamili kwa sekunde. Hiyo 37 haikuchaguliwa na mtu. Imetoka kwenye radiamu yenyewe, na kwenye gramu aliyoitaka Marie.

Kamati ilimkabidhi pia kazi ya kutengeneza kielelezo cha dunia. Mwaka 1911 alipima miligramu 21.99 za kloridi ya radiamu, akazifunga ndani ya kijibomba cha kioo. Mwanzoni alitaka kibaki kwenye maabara yake. Wenzake walimwambia kipimo cha dunia hakiwezi kukaa mikononi mwa mtu mmoja, hata awe nani, naye mwishowe alikubali. Mwaka 1912 kililinganishwa na vielelezo vilivyotengenezwa Vienna bila yeye kuhusika. Vikakubaliana. Mwaka 1913 kilipelekwa Sèvres, karibu na Paris, yaliko makao ya vipimo vya kimataifa.

Mwaka 1911 wenyewe ulikuwa mchungu na mtamu. Januari alinyimwa kiti katika Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kwa tofauti ya kura chache. Novemba magazeti yalimwandama kwa uhusiano wake na mwanasayansi Paul Langevin, aliyekuwa na mke, na watu wakakusanyika nje ya nyumba yake. Wakati huo huo alitangazwa mshindi wa Nobel ya kemia, mtu wa kwanza kuipata tuzo hiyo mara mbili. Mwanasayansi mmoja wa Sweden alimwandikia akimshauri asiende kuipokea. Alikwenda.

Gramu moja, dola laki moja

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, Marie alibeba radiamu ya Ufaransa ndani ya sanduku zito la risasi, akaipeleka Bordeaux kwa treni ili isitekwe. Kisha akaandaa magari yenye mashine za eksrei, akajifunza kuendesha, akaenda nayo karibu na uwanja wa vita pamoja na Irène, aliyekuwa na miaka 16 vita vilipoanza. Madaktari wakaweza kuona risasi na vipande vya chuma vilipo mwilini kabla ya kupasua.

Baada ya vita maabara yake ilikuwa na gramu 1 tu ya radiamu. Wanawake wa Marekani wakachangishana dola 100,000, na tarehe 20 Mei 1921 Rais Harding akamkabidhi gramu nyingine jijini Washington. Kabla ya sherehe, Marie alitaka hati ibadilishwe ili radiamu iwe ya maabara badala ya kuwa yake, isije ikageuka urithi wa familia. Kwa lugha ya vipimo, zawadi ile ilikuwa karibu kyuri 1, yaani bekereli bilioni 37.

Bei ile haikudumu, na sababu iko karibu nasi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1920, mawe ya mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, yalisafirishwa hadi Ubelgiji na kuchujwa radiamu. Yalikuwa na madini mengi kuliko ya kwingineko, na bei ya dunia ikashuka. Tiba ya Ulaya ikapata radiamu kutoka ardhi ya Wakongo waliochimba chini ya ukoloni.

Kitu ambacho kyuri haisemi

Marie alijua idadi ya kyuri zake kwa umakini kuliko mtu yeyote duniani. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeungua na kukakamaa, na macho yakaingia mtoto wa jicho. Alizoea kubeba vijibomba vya radiamu mfukoni. Pierre naye aliwahi kujifunga radiamu mkononi kwa saa kadhaa ili aone, na ngozi ikawa kidonda. Kwa miaka mingi Marie hakutaka kukubali kwamba kitu alichokitoa kwenye jiwe kwa mikono yake kinamuumiza.

Hapa pana somo kubwa. Kyuri na bekereli zinahesabu atomu zinazovunjika kwenye chanzo. Hazisemi mwili umepokea kiasi gani. Sufuria ya bisi ikiwa na kifuniko, au ukikaa chumba cha pili, idadi ya punje zinazopasuka ni ile ile lakini hazikufikii. Madhara kwa mwili hupimwa kwa vipimo vingine, grei na siveti, na hutegemea umbali, muda, kizuizi na aina ya mionzi. Katika miaka mingi ya kazi yake, watu hawakuwa na kipimo kama hicho cha kuwalinda.

Marie Curie alifariki tarehe 4 Julai 1934 katika hospitali ya milimani Ufaransa, akiwa na miaka 66, kwa ugonjwa wa uboho kushindwa kutengeneza damu. Mwaka uliofuata Irène na mumewe Frédéric Joliot walipata Nobel ya kemia. Mwaka 1995 mwili wake ulihamishiwa Panthéon, wanakozikwa watu wakuu wa Ufaransa. Madaftari yake hadi leo yana mionzi, kwa maana radiamu huchukua miaka 1,600 hivi kupungua kwa nusu.

Bekereli, na jinsi ya kubadili

Mwaka 1975 dunia ilikubaliana kutumia kipimo kipya, bekereli, kwa heshima ya Henri Becquerel. Hicho ni chepesi kueleza: atomu 1 ikivunjika kila sekunde, hiyo ni bekereli 1. Sababu moja ya kukipa jina lake maalumu ilikuwa usalama wa watu, kwa kuwa kosa la tarakimu katika mionzi linaweza kudhuru. Lakini kyuri haikufa. Bado iko kwenye mashine, vitabu na karatasi za hospitali nyingi. Ndiyo maana inafaa kujua kubadili.

Kanuni ni moja: zidisha kwa 37, kisha panda ngazi.

Kyuri (Ci) mara 37 unapata gigabekereli (GBq).
Milikyuri (mCi) mara 37 unapata megabekereli (MBq).
Maikrokyuri (µCi) mara 37 unapata kilobekereli (kBq).
Nanokyuri (nCi) mara 37 unapata bekereli (Bq).

Kurudi, gawanya kwa 37. Kwa hiyo milikyuri 10 mara 37 ni megabekereli 370. Megabekereli 740 gawa kwa 37 ni milikyuri 20. Angalia sana herufi ya mbele. Herufi ndogo m ni mili, sehemu moja ya elfu. Herufi kubwa M ni mega, milioni moja. Ukizichanganya umekosea mara bilioni.

Mifano miwili itakusaidia kujua tarakimu ipi ni ya kuogopa. Mwili wa mtu mzima una bekereli zipatazo 4,000 za potasiamu yenye mionzi ya asili, inayotokana na chakula cha kila siku. Ni elfu nne, na hazimuumizi mtu. Kwa upande mwingine, mwaka 1987 huko Goiânia, Brazil, watu walichukua mashine ya tiba iliyoachwa kwenye jengo tupu, wakaiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndani mlikuwa na sesiamu ya kyuri 1,375. Zidisha kwa 37: gigabekereli 50,875, yaani bekereli zaidi ya trilioni 50. Unga wake ulitoa mwanga wa buluu gizani, watu wakaupenda na kugawiana. Wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita.

Mwanga ule unatukumbusha banda la Paris. Tarakimu 1,375 inaonekana ndogo kuliko 4,000, lakini ya kwanza ni kyuri na ya pili ni bekereli. Ndiyo hatari ya kusoma namba bila kusoma kipimo chake. Na ukikutana na chuma kizito chenye alama ya mionzi, duara dogo jeusi lenye mabawa matatu, mara nyingi juu ya rangi ya njano, usikifungue wala usikiuze. Kaa mbali, zuia watoto, toa taarifa kwa serikali ya kijiji au polisi.

Tukirudi kwa msikilizaji wetu, hatukumpa jibu tu. Tulimwomba afungue kikokotoo cha simu yake, aandike 10, azidishe kwa 37. Akanyamaza kidogo, kisha akatusomea jibu lile lile lililokuwa kwenye karatasi ya pili. Tukamweleza pia kwamba dawa ile, iodini, hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya siku 8, hivyo afuate maelekezo ya daktari kuhusu siku za mama kukaa mbali na wajukuu. Alisema anaingia kumwita mama, zamu yao ilikuwa imefika.